Mkutano wa mtaa umekosa watu kwa mara ya tatu. Kwetu sisi wa pwani shida ni nini hasa?

#1 Binti Mkungu

Habari za jioni wakuu. Nina jambo linanikereketa, nimeona nililete hapa kabla sijalala nalo.

Mtaa wetu uko pwani ya kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Jina naliacha kwa sababu sitaki kumchongea mtu. Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano mkuu wa mtaa, saa nne asubuhi, chini ya mkungu ulio karibu na ofisi. Ajenda zilikuwa nzito: mapato na matumizi, ada ya taka, ulinzi shirikishi, na ile njia ya kushukia baharini ambayo ukuta wa jirani mmoja umeanza kuimeza. Ni mambo yaleyale ambayo watu wanayapigia kelele dukani na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kutwa nzima.

Viti vilikodiwa 60. Watu niliwahesabu mwenyewe: 23 pamoja na mimi, na kati yao 4 ni wajumbe wa kamati. Saa tano na nusu mtendaji akafunga rejista, mwenyekiti akaahirisha. Hii ni mara ya tatu mfululizo.

Wakati tunakusanya viti akapita mama mmoja anatoka ufukweni, kanga imelowa mpaka magotini, ndoo kichwani, mikono ya pweza inaning'inia ukingoni. Akasimama, akashusha ndoo, akauliza: "Mmeshamaliza?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyetaka kuja. Nilikosa la kumjibu.

Ndiyo nauliza. Kwenye mitaa yenu mnapata watu? Kama hampati, mnadhani sababu ni nini? Nataka kweli kujua, maana mkutano ujao nimejitolea kusaidia kuhamasisha.

#2 Fundi Rangi

Dada, mimi nilikuwa mhudhuriaji mzuri, nakaa mstari wa mbele. Mwaka 2021 kwetu tulinyoosha mikono tukapitisha kwamba mchango wa ulinzi ukusanywe kwa risiti, na vijana wa zamu wanunuliwe tochi na mabuti. Mkutano uliofuata muhtasari haukusomwa. Nikauliza, nikaambiwa yatokanayo yatakuja. Mkutano wa tatu nikauliza tena, nikaambiwa nina ajenda yangu binafsi.

Tangu siku hiyo Jumamosi yangu naipeleka kwenye rangi. Nyumba ya mtu inapendeza na mimi nalipwa. Watu hawana uvivu. Wamechoka kuitwa kuwa mashahidi wa mambo ambayo yameshaamuliwa.

#3 Kaka Mpangaji

Mimi ni mpangaji, mwaka wa sita huu mtaa mmoja, na sijawahi kuhudhuria hata mara moja. Gari la matangazo likipita, mwenye nyumba ndiye anayejiandaa anatoka. Sisi wa vyumba vya uani tunaendelea kufua. Siku zote nilijua ule ni mkutano wa wenye nyumba.

Ofisi yenyewe naijua siku ya barua ya utambulisho tu. Nilipokuwa nashughulikia kitambulisho cha taifa niliombwa 5,000, nikatoa, sikupewa hata kipande cha karatasi. Sasa mtu aliyeijua ofisi kwa mlango huo, utamvutaje Jumamosi asubuhi?

#4 Karani wa Zamani

Kaka Mpangaji, pole, lakini hapo umejinyima haki yako kwa miaka sita. Nimefanya kazi ya kuandika mihtasari kwenye serikali za mitaa hadi nikastaafu, kwa hiyo nisahihishe mambo mawili matatu.

Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Haiulizwi hati ya nyumba. Mpangaji, mwenye nyumba, mtoto wa mwenye nyumba, wote sawa. Kwa mjini tunafuata Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982, na mkutano huo unatakiwa kila baada ya miezi miwili. Vijijini ni Sheria Na. 7 ya mwaka huohuo na wao hukutana kila miezi mitatu. Anayewaambia kwamba mkutano ni hisani ya mwenyekiti amewapotosha.

La pili ni kwa Fundi Rangi. Mwenyekiti anachaguliwa na nyinyi, kazi yake mkutanoni ni kuongoza. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, na ndiye katibu. Kalamu iko kwake. Muhtasari usiposomwa, anayeulizwa kwanza ni mtendaji. Nimeona wenyeviti wazuri wakitukanwa kwa daftari ambalo hawajawahi kulishika.

Na hiyo 5,000: fedha ya halmashauri hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, unapata ujumbe kwenye simu na risiti. Ukiombwa pesa mkononi, uliza namba. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

#5 Mzee wa Sukari Guru

Vijana, mnazunguka mbuyu. Mambo yaliharibika tulipompoteza mjumbe wa nyumba kumi. Tangu enzi za TANU, ukiitwa mkutano, mjumbe anapita mlango kwa mlango jioni yake. Anakujua jina, anajua mkeo amejifungua lini, anajua nani mgonjwa. Usipotokea, kesho yake anakuja kukuuliza una shida gani. Leo mnatangaziwa na spika inayopita mbio juu ya pikipiki. Nani ataitika wito wa spika?

#6 Mjukuu wa Mzizima

Shikamoo mzee. Naheshimu ulichosema, ila hapo kwa mjumbe kuna jambo. Mjumbe wa nyumba kumi hakupotea, yupo hadi leo, tunamwita balozi wa shina. Lakini yule ni kiongozi wa chama. Zamani chama na serikali vilikuwa mkono mmoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ikabidi vitenganishwe. Leo balozi akigonga mlango wangu kuniita kwenye mkutano wa serikali, jirani yangu wa chama kingine atasema ule mkutano una wenyewe. Hiyo nayo ni sababu ya watu kukaa nyumbani, na ni sababu kubwa.

#7 Mzee wa Sukari Guru

Marahaba mjukuu. Nimekuelewa na sikupingi. Lakini mlango haugongwi tena, na hilo bado ni kweli.

#8 Mama Kikoba

Mzee naomba nikukumbushe na kingine. Marehemu baba yangu alikuwa mjumbe kule Magomeni miaka ya themanini mwanzoni, kipindi cha uhaba. Watu walijaa barazani kwetu mpaka mama anakosa pa kuanikia unga. Walikuja kwa sababu baba ndiye aliyekuwa na daftari la kaya. Kaya isiyo kwenye daftari haipati sukari wala sabuni. Uhaba ulipokwisha na bidhaa zikarudi madukani, baraza likabaki na paka.

Kwa hiyo mimi naamini mtu huenda penye chake. Kikoba chetu tuko 30, tunakutana kila Jumamosi saa tisa, anayechelewa analipa faini papo hapo na halalamiki. Hisa ni zake, mkopo ni wake, daftari linasomwa kwa sauti mbele yake. Mkutano wa mtaa mtu hajui senti yake imo wapi.

#9 Tegeta Kwa Ndevu

Mama Kikoba umemaliza. Tangazeni mkutano wa mkopo muone kama viti 60 vitatosha. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iliposimamishwa, hata vikundi vilivyokuwa vinakwenda ofisini kila wiki vilipotea. Ile ilikuwa asilimia 5 wanawake na 5 vijana, sasa sijui imerudi vipi.

#10 Karani wa Zamani

Mkuu, ile ya 5 kwa 5 ni ya zamani. Sheria ilibadilishwa 2018 ikawa asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 na ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Watu wenye ulemavu msiwasahau kwenye hesabu, asilimia 2 yao ipo kwa mujibu wa sheria na vikundi vyao vingi havijui.

#11 Bi Ukwaju

Salamu zenu. Nimesoma mpaka hapa, kila mtu ana lake na mimi nina langu.

Yule mama mwenye ndoo aliyepita chini ya mkungu angeweza kuwa mimi. Si mimi, lakini kazi yake naijua, ni yangu tangu nina miaka 12. Binti Mkungu, hebu rudi nyuma uangalie Jumamosi ile mwezi mwandamo ulikuwa wa ngapi. Nina hakika ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana. Saa nne asubuhi ya bamvua bahari imekimbia mpaka mwambani. Hiyo ndiyo saa ya kuchokoa pweza, ya kuokota chaza na kome, ya kutanda uduvi. Una saa mbili, ukibahatika tatu, halafu maji yanageuka na mwamba unafunikwa. Siku hizo ni chache kwa mwezi, na ndizo zinazolipa ada ya shule.

Mnatuita mkutanoni saa ileile ambayo Mungu ametufungulia bahari, halafu tukikosekana mnatuandika wavivu. Mimi mkutano naupenda. Hiyo njia ya baharini mnayoijadili ndiyo ninayopita na ndoo. Nani ana haki ya kuizungumzia kunishinda mimi?

#12 Binti Mkungu

Bi Ukwaju, nimetazama kalenda sasa hivi. Ilikuwa tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Nimeona haya kweli. Nimezaliwa hapa, bahari naiona dirishani, na sikuwahi kulifikiria hilo.

#13 Nahodha Mstaafu

Mwanangu usione haya, uliza tu. Bi Ukwaju amesema sawasawa, mimi niongeze hesabu yake kwa wasiojua.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopea. Hapa Dar siku za bamvua maji hukauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi alasiri, usiku hivyohivyo. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua ni zaidi ya mita 3 za maji, ndiyo maana mwamba wote unatoka nje. Mwezi ukifika nusu tunaingia maji mafu. Hapo saa nne asubuhi maji yako juu, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali, mwamba hauonekani.

Kalenda ya mwezi mwandamo ni ratiba ya bahari. Tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17, bamvua. Tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24, maji mafu. Babu zetu waliopanga harusi na matanga ya arobaini huku pwani walitazama hilo kwanza. Ofisi inapanga kwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kizungu, na Jumamosi ya kwanza haina uhusiano wowote na maji. Mara inaangukia hapa, mara pale.

Pangeni mkutano maji mafu. Akina mama watakuja.

#14 Dagaa Mchele

Nahodha shikamoo. Akina mama watakuja, sawa, na sisi je? Sisi wa dagaa hatufuati bamvua, tunafuata giza. Tunavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo tuko nyumbani. Tunashona nyavu, tunapaka boti dawa, tunalala kama watu.

Sasa hesabu zako ziweke pamoja na zangu. Mwezi 15 na 16 sisi tupo nchi kavu, mama zetu wako mwambani. Mwezi 23 mama zetu wapo nyumbani, sisi tumetoka baharini alfajiri, tumeshusha mzigo soko la samaki la Feri, tumesimama mnadani mpaka dalali amalize, tumefika kitandani saa tatu. Saa nne uniite mkutanoni? Nitakuja na nitalala kwenye kiti chenu.

Nasema kwa moyo mmoja, hakuna siku ya watu wote huku pwani. Mkitaka sisi na mama zetu tukae pamoja itabidi muite jioni.

#15 Nahodha Mstaafu

Marahaba kijana. Hilo la giza ni kweli, mimi nilikuwa wa mishipi na mashua, wa taa sikuwahesabu. Basi maji mafu ya mwezi 8, alasiri. Mwezi 8 unazama katikati ya usiku, nyinyi mnatoka mkiwa mmechelewa kidogo. Mtapata muda.

#16 Tegeta Kwa Ndevu

Wakuu, haya ya mwezi ni matamu kuyasoma, lakini naomba nipinge. Kwetu mkutano wa mwisho ulikuwa Jumapili saa kumi alasiri, na kwa hesabu ya Nahodha nimeangalia, ilikuwa mwezi 9. Maji mafu kabisa. Walikuja watu 31 kwenye mtaa wenye maelfu. Na mtaa wetu wavuvi wanahesabika, wengi ni watu wa maofisini, bodaboda na wafanyabiashara. Bahari isibebeshwe lawama ya kila kitu.

Mimi naona ukubwa wa mji ndio chanzo. Sensa ya 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 4,364,541. Ya 2022 tukawa 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka 10, na wengi wameangukia huku pembezoni. Jirani yangu wa kulia simjui jina. Nitakaaje naye kwenye kiti kimoja kujadili mchango?

#17 Ng'ambo ya Pili

Niko Kigamboni. Naunga mkono hoja ya Tegeta na naongeza usafiri. Daraja lilipofunguliwa 2016 wengi tulihamia huku kwa ajili ya kiwanja, kazi tukaziacha mjini. Anayevuka kwa pantoni anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Jumamosi asubuhi nusu ya mtaa iko Kariakoo kwenye biashara. Mtaa kwetu ni mahali pa kulala, ndivyo ilivyo kwa sasa. Siku mtoto wangu alipokanyaga chupa kwenye mtaro ndipo nilipojua jina la mwenyekiti wangu. Kwa kweli ilinisikitisha kuwa nilimjua kwa njia hiyo, maana alinisaidia sana kupata gari.

#18 Karani wa Zamani

Kuna moja halijaguswa, nalo ni kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mapendekezo ya mtaa yanatakiwa yafike kata mapema, yajadiliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, ndipo yaende halmashauri. Vikao vizito vya bajeti huwa vimekwisha muda mrefu kabla ya Juni. Ukiwaita watu mwezi wa tano waseme wanataka mtaro, umewaita kwenye basi lililokwishaondoka. Watasema, wataandikwa, mtaro hautakuja, na mwaka ujao hawarudi. Fundi Rangi aliposema mambo yameshaamuliwa, mara nyingi hakuna hila ndani yake, ni tarehe tu imepangwa vibaya. Ombeni mkutano wa Oktoba au Novemba uwe ndio mkubwa.

#19 Fundi Rangi

Mzee Karani, la bajeti nimelielewa na nashukuru. Lakini tochi na mabuti ya ulinzi hayakuhitaji bajeti ya Julai. Fedha ilikuwa yetu, imechangwa na sisi, hapohapo mtaani.

#20 Karani wa Zamani

Hapo huna wa kukujibu isipokuwa daftari. Liulize.

#21 Mjukuu wa Mzizima

Nilete habari ya furaha kidogo. Mwaka jana kwetu vijana waliandaa mashindano ya ngalawa siku ya usafi, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi tulisafisha ufukwe, mifuko ya taka ikajaa magari mawili, chupa za plastiki na nyavu mbovu zaidi. Mchana, maji yalipoanza kujaa, ngalawa 9 zikaingia kwenye mstari. Mtu alikosa pa kusimama. Mama lishe waliishiwa wali saa nane. Wazee ambao sijawaona nje miaka mingi walibebewa viti mpaka chini ya mivinje, wakawa wanawataja mabaharia kwa majina ya baba zao.

Ngalawa ya rangi ya kijani iliyotoka mwisho ilipasuka tanga katikati, na yule kijana akavua shati akalifunga kwenye foromali ili afike. Ufukwe mzima ulimshangilia yeye kuliko mshindi.

Mwenyekiti wetu hakulala. Kabla ya zawadi alishika kipaza sauti akasoma mapato na matumizi ya mtaa kwa dakika 15. Kila mtu alisikia. Maswali yalikuwa makali na yalijibiwa. Kwa nini msijaribu hivyo?

#22 Dagaa Mchele

Yule wa tanga la shati ni binamu yangu. Alipigwa jua wiki nzima mgongoni, lakini hadi leo hanywi chai kwa pesa yake mtaani.

#23 Karani wa Zamani

Mjukuu, hilo ni jema sana na ningependa kuliona. Tahadhari moja: kusoma taarifa kwenye sherehe hakuhesabiki kuwa mkutano mkuu kama hakukuwa na tangazo la mkutano, rejista na muhtasari. Unganisheni, lakini vitu hivyo vitatu viwepo, maana siku mtu akikataa kilichoamuliwa mtatafuta karatasi.

#24 Mama Kikoba

Tukirudi kwa Binti Mkungu, mimi hiyo njia ya baharini ndiyo inaniuma. Huo ukuta uko wapi hasa? Nilisikia mtu haruhusiwi kujenga ndani ya mita 30 kutoka baharini.

#25 Nahodha Mstaafu

Ni mita 60, mama. Tena zinahesabiwa kutoka pale maji yanapoishia yakijaa, siyo yanapoishia yakipwa. Wajanja wengi hupimia kupwa, wanakuonyesha ufukwe mpana wa saa nne asubuhi, wanasema mbona tuko mbali. Njoo saa kumi jioni ya bamvua uone mawimbi yanavyopiga kwenye msingi.

#26 Karani wa Zamani

Nahodha yuko sahihi. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Mita 60, na inagusa kingo za mito pia.

#27 Bi Ukwaju

Mimi sijui vifungu. Nitawaambia ninachokiona. Njia ile zamani tulipita watu watatu sambamba, kila mmoja na ndoo yake, tunapiga soga. Mwaka juzi tukaanza kupita mmoja mmoja. Sasa nikishuka inabidi nigeuke ubavu, ndoo naishusha kichwani naibeba kwa mkono mmoja, na mkono mwingine najishikiza ukutani nisiteleze kwenye maji ya bomba lao. Mwezi uliopita mwenzangu aliteleza na kilo zake 4 za pweza zikamwagika mchangani. Alikaa chini akazikusanya moja moja akilia. Haya ndiyo niliyotaka kuyasema mkutanoni.

#28 Mzee wa Sukari Guru

Bi Ukwaju, usiyaweke moyoni. Yaandike hivyohivyo kwenye karatasi, mtu akusomee hata kama uko mwambani.

#29 Kaka Mpangaji

Mimi nitayasoma kama mtaa ni wetu. Maelezo yanafanana sana na ukuta ninaoujua. Binti Mkungu, nitumie ujumbe wa faragha, nadhani tunaishi mita mia tatu tu kati yetu.

#30 Binti Mkungu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani kwa kimya cha siku tano.

Nilikwenda kwa mwenyekiti na ushauri wenu nimeuandika kwenye daftari. Habari ya bamvua aliisikiliza akacheka kwa furaha, akasema mama yake mzazi alikuwa anachokoa pweza na angemchapa kwa kulisahau hilo. Amekubali Jumapili saa kumi alasiri, mwezi 8. Mtendaji alikuwa mzito kidogo kwa sababu Jumapili ni siku yake ya mapumziko, ila amesema atakuja. Ngalawa tumezizungumza, tumeona tusubiri kwanza mkutano huu ukae.

Kaka Mpangaji kweli tunaishi jirani. Tumekutana dukani jana, amechukua vichochoro vya upande wa wapangaji, anagonga mlango kwa mlango jioni jioni. Mimi nimechukua upande wa pwani. Jana peke yake niligonga milango 17. Watu 6 waliniambia sababu ileile ya Fundi Rangi. Wanne waliniambia ya Ng'ambo ya Pili. Mmoja aliniambia anaogopa kukaa karibu na mtu anayemdai.

#31 Tegeta Kwa Ndevu

Huyo wa deni ni mkweli kuliko sisi wote. Mungu awatangulie. Tuletee idadi, nami nasubiri kuona kama nimekosea kuhusu maji mafu.

#32 Bi Ukwaju

Nitakuja. Naomba ajenda ya njia iwe ya kwanza, maana saa kumi na mbili lazima niwe kwenye sufuria, wateja wa supu hawangoji.

#33 Binti Mkungu

Nitaiomba iwe ya kwanza, Bi Ukwaju.

#34 Fundi Rangi

Hongereni. Swali langu ni moja tu: muhtasari wa mkutano wa mwisho uliotimia, utasomwa?

#35 Binti Mkungu

Nimeuomba kwa maandishi leo asubuhi, nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu bado.